Makavazi ya ziwa letu yasingoje jengo, yaanze Agosti

Hebu tuanze na mtihani mdogo. Taja pepo mbili kuu za Bahari Hindi.

Najua umejibu kabla sijamaliza kuuliza: kusi na kaskazi. Ulifunzwa darasani, labda kwenye shairi au taarifa ya ufahamu, hata kama hujawahi kukanyaga Mombasa. Unajua kwamba kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia Novemba hivi, na kusi ikayarudisha makwao baada ya Aprili.

Sasa swali la pili. Taja upepo mmoja tu wa Ziwa Victoria.

Kimya, sivyo? Na wewe umezaliwa Mbita, ama Kendu Bay, ama Sori, ama Muhuru Bay. Umekula ngege na omena tangu ukiwa na meno mawili. Ziwa unaliona ukifungua mlango wa nyuma, lakini upepo wake huwezi kuutaja kwa jina.

Si kwamba pepo hizo hazina majina. Zinayo. Wavuvi wa omena wanaotoka usiku na taa zao wanazijua moja moja, wanajua ule wa alfajiri unaowasukuma ndani na ule wa mchana unaowarudisha ufuoni. Wanajua wingu la kuogopa na wingu la kupuuza. Shida ni kwamba elimu hiyo imekaa vichwani mwa wazee, na mimi na wewe hatujawahi kupangiwa hata siku moja ya kwenda kuwasikiliza.

Nitasema wazi ninachotaka ili usisome ukitafuta ajenda iliyofichwa. Kaunti za Homa Bay na Migori zinahitaji makavazi ya ziwa. Lakini sitaki jengo. Nataka ratiba. Nataka ikifika likizo ya Agosti, kijana wa Rodi Kopany, wa Awendo, wa mtaa wowote wa Migori mjini, ajue kuna programu ya umma kule ufuoni, bila malipo, ambapo atafunzwa kuelea majini, kutambua hali ya hewa, kushika randa ya fundi wa mashua, na kusikia historia ya mahali anapoishi. Jengo litakuja baadaye, na lisipokuja pia, poa tu.

Mimi si msomi wa historia. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, na siku hizi riziki yangu ni kupiga picha na kuandika mtandaoni, leo Homa Bay, kesho Migori. Kazi hiyo imenipeleka kwenye fuo nyingi. Ndiyo maana nasema ninachosema.

Tumekariri bahari, tumesahau ziwa

Sina ugomvi na Pwani. Fort Jesus ni noma. Ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikawa makavazi mwaka 1960, na ikaingia kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2011. Ndani yake kuna vitu vilivyotolewa chini ya maji, kwenye mabaki ya meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Wapiga mbizi walifanya kazi pale kuanzia 1977 hadi 1980 kuviibua. Mtoto akitazama vyombo hivyo anaelewa mara moja kwamba bahari inaweza kutunza historia kama kabati.

Lakini piga hesabu ya safari. Kutoka Migori hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Shule ikipanga ziara hiyo, wanaoenda ni wale ambao wazazi wao wana uwezo. Wengine wanabaki nyumbani wakiangalia picha za wenzao. Halafu walioenda wanarudi wakijua majahazi ya Lamu, na hawajui kwamba matanga ya pembe tatu wanayoyaona yakipita mbele ya Rusinga ni binamu wa hayo hayo majahazi. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walifika ziwani katika karne ya 19, na mtindo wao wa tanga ukabaki huku.

Kuna neno la Kiswahili cha Pwani, kukalafati. Maana yake ni kuziba nyufa kati ya mbao za chombo ili maji yasipenye. Nimewahi kukaa na fundi mmoja mzee upande wa Mbita akifanya kazi hiyo hiyo, akishindilia pamba kwenye mishono ya mashua kwa patasi na nyundo, kisha anapigilia vipande vya bati juu yake. Neno kalafati hakuwa analijua. Mimi nilikuwa nalijua neno na sikuwa nimewahi kuiona kazi yenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa tatizo letu. Shule ilinipa msamiati, ufuo ukabaki na ujuzi, na hakuna aliyewahi kutukutanisha.

Fundi huyo aliniambia mbao za mvule siku hizi ni adimu na ni ghali, kwa hivyo watu wanatumia miti mingine inayooza mapema. Pia aliniambia hana mwanafunzi. Vijana wanakuja siku mbili, wanaona malipo ni kidogo, wanapanda bodaboda. Siwalaumu. Lakini mzee huyo akiondoka, anaondoka na chuo kizima.

Mali iko, ratiba ndiyo haipo

Mtu atakuambia eti huku hakuna cha kuonyesha watu. Haya, twende taratibu.

Kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, kina michoro ya miambani sehemu za Kwitone na Mawanga, miduara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe inayohusishwa na watu wa kale waliokuwa wawindaji, waliotangulia wenyeji wa sasa. Kisiwani humo humo kuna Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa na jamii yenyewe. Na Abasuba ni nani? Ni watu ambao mababu zao walivuka ziwa hili kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda wa leo. Historia yao yote inaanzia majini. Lugha yao nayo inaendelea kudidimia kwa sababu wengi sasa wanazungumza Kijaluo.

Vuka hadi Rusinga. Hapo ndipo Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka takriban milioni 18 iliyopita. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969, na kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi.

Rudi bara, kwenye Rasi ya Homa. Sehemu iitwayo Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo. Fikiria hilo. Kabla hata ya binadamu kama mimi na wewe kuwepo, kulikuwa na mtu fulani pale Homa Bay anayekata nyama ya kiboko. Wewe unaenda Nairobi kutafuta historia?

Sasa shuka Migori. Thimlich Ohinga, kilomita 46 kutoka Migori mjini, ni boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, huenda lilijengwa karne ya 16. UNESCO iliiweka kwenye orodha yake mwaka 2018. Na ukifika Karungu, jua umesimama mahali ambapo Vita Vikuu vya Kwanza vilifika. Septemba 1914 meli ya Waingereza, Winifred, ilikutana hapo na meli ya Wajerumani, Muansa, ikalazimika kurudi nyuma. Watu wanaanika omena pale leo, na ubao wa kuwaeleza hivyo sijauona.

Orodha hiyo nimeitaja kwa pumzi moja, lakini katika maisha ya kijana wa kawaida vitu hivi havijaungana. Kila kimoja kiko kivyake. Boti ya kwenda Mfangano inahitaji nauli. Barabara ya Thimlich inahitaji gari. Kuna Tamasha la Rusinga mwezi wa Desemba, na watu wanajibamba kweli, lakini tamasha ni la siku chache na lina umati. Mtoto hajifunzi kuogelea kwenye umati.

Wenzetu wanafanyaje

Nchi zenye majira ya joto, kama Marekani, zina desturi moja ninayoipenda. Shule zikifungwa katikati ya mwaka, makavazi ya bahari ndiyo kwanza yanafunguka. Mystic Seaport kule jimbo la Connecticut, yaliyoanzishwa mwaka 1929, yana meli ya kuvulia nyangumi ya mwaka 1841, Charles W. Morgan, ambayo bado inaelea. Lakini kinachowavuta watu si kuangalia tu. Watoto wanafunzwa kuendesha mashua za tanga. Watu wazima wanaona mafundi wakichonga mbao, wanauliza maswali. Kule Maryland, Chesapeake Bay Maritime Museum yamewahi kuwa na programu ambapo mtu wa kawaida anaingia karakana na kusaidia kujenga mashua kwa siku moja.

Angalia vile wamefikiri. Makavazi kwao ni mahali pa kufanya kitu, mikono ichafuke. Ukitoka pale umebeba ujuzi, hata kama ni wa kufunga fundo moja la kamba.

Sisi hatuna majira ya joto, joto letu ni la mwaka mzima. Lakini tuna Agosti, na Agosti ina wiki kama tatu ambazo mtoto hana la kufanya isipokuwa simu, mpira, na kutumwa dukani.

Na usiniambie haya ni mambo ya wazungu. Mafundi wa Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa na sandali kuukuu, wakaliita Flipflopi, likazinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2021 lilisafirishwa hadi Kisumu na likazunguka Ziwa Victoria kufunza watu kuhusu taka. Yaani jahazi la Pwani lilikuja mpaka kwetu kutufunza juu ya ziwa letu. Lilipoondoka, liliacha pengo ambalo mashua zetu wenyewe zingeweza kulijaza. Kisumu nao angalau wana makavazi yaliyofunguliwa mwaka 1980, yenye samaki hai wa ziwa na mfano wa boma la Kijaluo. Sisi wa kusini mwa ghuba tunapanda matatu kwenda kuona samaki walewale tunaowavua.

Hili si suala la burudani tu

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yanakuwa mazito.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, nchi zote tatu zikijumlishwa, wengi wao wakiwa wavuvi na abiria wa mashua ndogo, hali mbaya ya hewa ikichangia. Soma tena takwimu hiyo. Ni kama shule kadhaa kubwa za upili kufutika kila mwaka.

Ajali kubwa ndizo tunazozikumbuka. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 karibu na Mwanza, mamia wakafa. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia gati la Ukara, watu 228 wakapoteza maisha. Ile haikuwa katikati ya ziwa, nchi kavu ilionekana kwa macho. Lakini vifo vingi haviji na jina la meli. Ni mashua moja, watu wanne, upepo wa ghafla. Kesho yake ufuo mzima unakaa ukingoja mwili uelee, na keshokutwa mashua nyingine zinatoka kama kawaida.

Na wewe unajua ukweli mmoja ambao tunaogopa kuusema kwa sauti: wengi wetu watu wa ziwa hatujui kuogelea. Msichana, hasa, ataambiwa tangu utotoni akae mbali na maji, kisha akikua anapanda mashua kwenda sokoni Mbita akiwa amebeba mtoto mgongoni. Jaketi la kujiokolea limefungiwa kwa nahodha ama linatumika kama mto wa kukalia. Anayelivaa anachekwa kwamba ni mgeni.

Ndiyo maana nasema makavazi ya ziwa si anasa. Kijana anayefunzwa na mzee kwamba wingu la aina fulani likitokea upande fulani usitoke, amepewa historia na amepewa uhai kwa pamoja. Maarifa ya pepo ni utamaduni, na pia ni usalama. Ukiyatenganisha, utamaduni unakuwa ngoma ya kuchezewa wageni, na usalama unakuwa bango ambalo hakuna anayelisoma.

Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2021 kwamba Julai 25 iwe siku ya kimataifa ya kuzuia vifo vya kuzama majini. Tazama kalenda yako. Siku hiyo inaangukia muda mfupi kabla ya shule zetu kufungwa. Uzinduzi wa programu upo, tena tumepewa bure.

Kazi hii ni ya nani?

Ukiuliza ofisini utaambiwa makavazi ni kazi ya Nairobi. Si kweli, na usikubali kufukuzwa na jibu hilo.

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, mahali panapoorodhesha kazi za kaunti. Kifungu cha nne kinataja shughuli za kitamaduni, burudani na huduma za umma. Ndani yake kuna maktaba, makavazi, michezo, na kuna fuo pia. Makavazi na fuo ziko kwenye kifungu kimoja! Serikali ya kitaifa imebaki na maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, kwa hivyo Thimlich ina mlezi wake. Lakini mambo ya mashua, ufuo, na elimu ya ziwa kwa watoto wa likizo yako mikononi mwa kaunti zako.

Na tayari kuna watu kila ufuo. Kila mahali pa kushukia samaki pana BMU, kamati ya wavuvi, wamiliki wa mashua na wachuuzi inayosimamia ufuo. Wanajua nani ni fundi, nani ni nahodha mzuri, nani ni mzee wa hadithi. Kaunti haihitaji kuajiri mshauri kutoka mbali kuja kutafuta wataalamu ambao wamekaa chini ya mti.

Nikipewa wiki tatu

Hivi ndivyo ningezipanga, na wewe uko huru kunirekebisha.

Wiki ya kwanza ni ya maji. Kila mtoto afunzwe kuelea, kuvaa jaketi, na kumsaidia anayezama bila yeye mwenyewe kuzama. Ndiyo, ziwa lina kichocho, lina gugumaji, na sehemu nyingine lina mamba na viboko. Kwa hivyo anzeni kwenye mabwawa ya hoteli, ambayo siku za katikati ya wiki mara nyingi hayana mtu, kisha mhamie sehemu za ufuo ambazo BMU imezithibitisha kuwa salama. Wasichana wawe na walimu wa kike na saa zao.

Wiki ya pili ni ya mikono. Fundi wa mashua alipwe, narudia, alipwe, afungue karakana yake ya wazi. Watoto washike msumeno na randa, wajue sehemu za mashua kwa Kijaluo, kwa Kisuba pale Mfangano, na kwa Kiswahili. Akina mama wanaoanika omena waonyeshe kazi yao, kwa sababu uchumi wa ufuo umebebwa na wao na ni nadra kuona picha yao ukutani. Wanaoshona nyavu wafunze mafundo. Programu ikiisha kuwe na mashua moja ndogo iliyojengwa na watoto, ishushwe majini wazazi wakitazama.

Wiki ya tatu ni ya safari na masikio. Watoto wa Migori wapelekwe Mfangano na Rusinga, wa Homa Bay wapelekwe Thimlich na Karungu. Kaunti hizi mbili ni majirani na bado tunafahamiana kupitia mechi na siasa tu. Jioni wazee wazungumze, vijana warekodi. Ukichukua simu ishirini na wazee ishirini, mwisho wa Agosti utakuwa na hazina ya majina ya pepo, ya mashua za zamani, ya nyimbo za kuvuta nyavu, ambayo haipo kwenye kitabu chochote. Iwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuisikiliza bila kulipa.

Nani atawaongoza watoto hao? Sisi. Vijana walioacha shule, waliomaliza na hawana kazi, wanaojua kupiga picha, kuendesha mashua, kuogelea. Wafunzwe, wapewe posho ya heshima na cheti cha huduma ya kwanza. Ukiwa na cheti hicho, hata mtalii akija Desemba una kitu cha kumuuzia zaidi ya tabasamu.

Najua utasema nini

Utasema kaunti haina dawa hospitalini, na mimi nataka kuchezea maji. Ni hoja nzito, siipuuzi. Lakini jiulize, zile pesa za mahema, viti na fulana za mikutano ya siku moja huwa zinatoka wapi? Nilichokitaja hapa kinahitaji jaketi za kujiokolea, mbao za mashua moja, mafuta ya boti, chakula cha mchana na posho. Hakihitaji zabuni ya jengo. Na mtoto asiyezama ni kitanda kimoja zaidi hospitalini na jeneza moja pungufu nyumbani.

Utasema pia kwamba vijana hawataki mambo ya zamani. Mimi nasema vijana hawataki kukalishwa chini wahutubiwe. Weka mashua mbili majini na mashindano ya kupiga kasia kati ya Mbita na Sori uone kama mtu atabaki nyumbani na TikTok. Ataingia TikTok baadaye, kuweka video.

Halafu kuna mwanasiasa atakayesikia wazo hili alipende kupita kiasi. Ataleta jiwe la msingi, atakata utepe, atapigwa picha, na miaka mitano baadaye mbuzi watakuwa wanalala ndani ya ukuta ambao haukufika lenta. Kwa hivyo tukipewa nafasi ya kuchagua kati ya jengo na ratiba, tuchague ratiba. Jengo bila watu ni ghala, lakini watu wenye mafunzo wanaweza kuendesha makavazi chini ya mwembe.

Cha kufanya, wewe na mimi

Kila mwaka, kufikia Septemba 1, kaunti inatakiwa kisheria kuwasilisha kwenye bunge la kaunti mpango wake wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata. Makadirio ya bajeti huja kabla ya Aprili 30. Na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Vikao hivyo tunawaachia wazee na watu wa vyama, halafu tunalalamika mtandaoni. Safari hii tuingie. Si lazima uwe na digrii, mimi sina. Andika ukurasa mmoja: programu ya likizo ya ziwa, wiki tatu, fuo nne za kuanzia, gharama zake, na kifungu cha Katiba nilichokutajia. Mpelekee mwakilishi wako wa wadi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Wakati tunangoja jibu, usikae bure. Agosti hii, ukienda kwa nyanya ama babu pale ufuoni, beba simu yenye chaji. Mwambie mzee, shikamoo ama oyawore, kisha umuulize maswali matatu: huu upepo unaitwaje, huwa unakuja saa ngapi, na uliwahi kumchukua nani. Swali la mwisho mwulize kwa upole, kwa sababu karibu kila familia ya ziwa ina jibu lake.